Sura ya Saba: Gurudumu Lililonyamaza

Hélène Nabintu alikuta hukumu imeshapikwa, imebaki kupakuliwa tu.

Uani kwa Théodore, pale Mayfair, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa nusu duara kulielekea gari jeupe lililobonyea upande wa kushoto ingawa bado linatembea. Vioo vyake vya pembeni vilikuwa bado vimevaa soksi za bendera ya Afrika Kusini, zile zilizouzwa kila kona wakati wa Kombe la Dunia. Kando ya gari, juu ya tairi kuukuu, alikaa Astère, fundi Mrundi, mikono katikati ya magoti. Hakuna aliyemfunga kamba. Hakukuwa na haja, kwa sababu vitu vyake vilikuwa vimeshatolewa kwenye kibanda chake cha mabati na kurundikwa getini: godoro, jiko la mafuta ya taa, sanduku la spana.

"Nani ametoa vitu vya mtu kabla mkutano haujakaa?" Hélène aliuliza.

Hélène alivua koti la kampuni ya ulinzi iliyomweka alinde mlango wa duka kubwa kule Randburg, akalitundika kwenye kamba ya nguo. Kabla ya Randburg alikuwa mpelelezi wa polisi Bukavu, na Wakongo na Warundi wa upande huu wa mji walilijua hilo. Kila kilichoibiwa au kusingiziwa kilimfikia yeye kabla hakijafika kituoni, maana mtu mwenye karatasi za ukimbizi huingia kituoni kama mlalamikaji bila kujua atatoka kama nani.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Jumapili iliyopita, Clémence, mke wa Théodore, alitoka kanisani na gari hilo kwenda Newtown, anakouza vitenge. Alipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, chini ya daraja, ilikuwa nyekundu. Alikanyaga breki, gari halikusimama. Lilipanda ukingo, likaivaa nguzo ya daraja, na mkono wake ukavunjika. Juma hilohilo Astère alikuwa amebadilisha pedi za breki za magurudumu ya mbele. Théodore hakutafuta zaidi. Alitangaza kwamba Astère amekata mpira wa kupitishia maji ya breki kwa chuki, na neno lake pale uani lilikuwa zito, kwa kuwa yeye ndiye aliyepanga nyumba nzima kisha akawagawia wengine vyumba. Leo angekuja mzee Gustave, mwenyekiti wa umoja wao. Akikubali tu, Astère angetolewa uani na kukabidhiwa polisi.

"Mwaka mzima tunatishwa kwamba Kombe likiisha wenyeji watatufukuza," Hélène alisema, akimpita Théodore. "Kumbe kazi hiyo tunaiweza wenyewe."

Théodore, mtu mrefu, shemasi, amevaa suti ya kijivu kama siku ya ibada, alitabasamu kwa upande mmoja. "Maman Hélène, hii si kazi ya polisi. Ni mambo ya nyumba yangu."

"Mkimpeleka polisi itakuwa kazi ya nani?"

Alimgeukia Astère. Fundi huyo alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Mimi siondoki," Astère alisema. "Wakinibeba, wanibebe na hilo godoro juu yangu. Sikukata kitu."

"Niambie ulichofanya. Usiniambie usichofanya."

"Gari lilikuja linalia. Pedi zilikuwa zimekwisha, ule ulimi wa chuma ulikuwa unakwaruza diski. Ulimi ule umewekwa ulie, ili mwenye gari ajue. Nikaweka pedi mpya. Gurudumu la kulia likaendelea kulia kidogo, sauti nyembamba. Nikamwambia Papa Shekinah, hii ya sasa si mbaya. Pedi mpya bila grisi mgongoni inatetemeka, inapiga kelele. Niachie gari, nipige msasa, nipake grisi, itanyamaza. Akasema ana mazoezi ya kwaya. Akachukua ufunguo."

Papa Shekinah alikuwa ndiye Théodore, kwa jina la binti yake.

"Lililia tu, au lilikataa kushika?"

"Lililia. Kushika lilishika." Astère akashusha sauti. "Ukitaka mtu, muulize Gaël. Yeye ndiye aliyeligusa gari mwisho. Anataka nafasi yangu hapa uani toka zamani."

Hélène hakuwa na tabia ya kumwamini mteja wake kuliko maadui wa mteja huyo. Akaenda bombani, alipokuwa Gaël, kijana wa Goma aliyeosha magari na ambaye kweli aliwahi kugombana na Astère mbele ya watu.

"Jumamosi jioni uliosha gari la shemasi?"

"Niliosha."

"Na magurudumu?"

"Hayo ndiyo niliyoyafanyia kazi zaidi. Alisema kesho yake ni ibada ya kubariki magari, anataka rim zing'ae. Nilipiga brashi mpaka ndani, nikakausha na kitambaa."

"Hapakuwa na majimaji? Kitu cha kuteleza?"

"Maman, ningeona. Rim ikiwa na mafuta vumbi la breki linaganda, huwezi kulitoa. Zilikuwa kavu." Akamtazama Astère kwa mbali, akasita, kisha akasema, "Simpendi yule. Lakini zilikuwa kavu, na gari lilipotoka asubuhi lilikuwa linalia vilevile. Mtaa mzima ulisikia."

Hilo lilimfaa Hélène kuliko ungamo. Mtu anayetaka kumzamisha mwenzake hasemi neno la kumwokoa.

Akapanda ngazi kwa Clémence. Juu ya fremu ya mlango palikuwa na alama ya msalaba iliyochorwa kwa mafuta, bado inang'aa, na chumba kilinukia mdalasini. Mlangoni kwake Hélène pia ilikuwepo alama ya namna hiyo, kwa hiyo aliipita bila kuishangaa. Clémence alikuwa amelala na mkono wenye plasta juu ya mto. Plasta nayo ilikuwa na doa la mafuta.

"Mama Shekinah, pole. Nina maswali matatu tu, nitakuacha upumzike. Ulipokanyaga, kanyagio lilizama?"

"Lizame wapi? Lilikuwa gumu. Nilikanyaga mpaka goti likatetemeka."

"Na gari?"

"Lilinivuta kushoto. Usukani ulikuwa unataka kunitoka mikononi. Mimi nilitaka kunyooka, lenyewe linataka nguzo."

"Lilikuwa linalia?"

Clémence alifumba macho kidogo. "Hapana. Ndiyo ajabu. Kwenda kanisani lililia mpaka nikaona aibu, tumeingia pale watu wanageuka. Kutoka kanisani kimya kabisa. Nilifurahi hata. Nikasema, Bwana asifiwe, breki zimepona."

"Zilipona mkiwa ndani ya ibada?"

"Sijui. Mimi nilikuwa nyuma na akina mama, tunapika."

Hélène alimshika bega, akashuka. Katikati ya ngazi alisimama, akayapanga aliyosikia. Mpira wa breki ukikatwa, kimiminika humwagika na kanyagio huzama mpaka sakafuni. Hili lilikuwa gumu, kwa hiyo nguvu ilifika magurudumuni. Gari lililovutwa kushoto ni gari ambalo breki ya kushoto imeshika na ya kulia imekataa. Juma zima watu walikuwa wamelizunguka bonyeo la kushoto wakitikisa vichwa, na hakuna aliyeangalia kulia. Halafu kulikuwa na kile kimya. Breki inayolia hainyamazi yenyewe Jumapili asubuhi bila mtu kuigusa.

Alipofika chini mzee Gustave alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha katikati, fimbo kati ya miguu. Théodore alikuwa anamaliza hotuba.

"...na Mungu ni shahidi. Mke wangu angekufa. Huyu mtu nilimpa pa kulala, akanilipa hivi. Mpira unavuja hata sasa. Chini ya gurudumu pamelowa, nimeona mwenyewe."

"Gurudumu lipi?" Hélène aliuliza.

Théodore aligeuka. "La mbele."

"Ya mbele ni mawili, shemasi."

"La... upande ule." Mkono wake uliinuka kuelekea kulia, kisha ukarudi mfukoni mwa koti, upande wa moyo, ukakaa hapo kidogo, ukatoka mtupu. Hélène aliuona mkono huo ukienda na kurudi.

"Naomba tufungue hilo."

"Hakuna atakayegusa gari langu. Ajali iko kushoto, kulia mnatafuta nini?"

"Umesema pamelowa. Umeleta ushahidi, nami nataka kuuona. Au ushahidi wako unaogopa jua?"

Kicheko kidogo kilipita kwenye viti. Théodore alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini iliyokusudiwa kusikiwa na wote: "Maman, wewe unaishi kwa kuheshimiwa na watu hawa. Jiangalie. Kesho utahitaji kanisa."

Hélène alichukia. Naye hakuificha hasira yake. "Bukavu nilitishwa na watu wenye bunduki, na walikuwa na adabu kuliko hii. Mzee Gustave, ukisema nisifungue, sifungui. Lakini useme mbele ya wote kwamba umemfukuza mtu bila kuangalia."

Mzee aliigonga fimbo chini. "Fungueni."

Astère aliletewa sanduku lake kutoka getini. Alilegeza nati kidogo gari likiwa bado chini, akapiga jeki, akaweka stendi, akalichomoa gurudumu. Hélène alimwambia asimame nyuma baada ya hapo. Hakutaka baadaye isemwe kwamba fundi alichezea kitu. Akachutama mwenyewe, akamwita Gaël ashike tochi, ingawa ilikuwa mchana, na akamwomba mzee Gustave asogeze kiti.

"Mpira huu hapa, mzee. Upitishe kidole, kuanzia juu mpaka unapoingia kwenye chuma."

Mzee alipitisha. "Mzima. Mkavu."

"Sasa kalipa, hiki chuma kinachobana pedi kwenye diski. Boliti zake. Gaël, chukua spana, jaribu kulegeza."

Gaël alivuta mpaka mishipa ikamtoka. "Zimekazwa sharp, hazitikisiki."

"Fungua boneti. Kichupa cha maji ya breki kiko kiasi gani?"

"Kimejaa mpaka mstarini."

"Kimejaa," Hélène alirudia, polepole, akimtazama Théodore. "Mpira unavuja juma zima, na kichupa kimejaa."

"Basi amejaza," Théodore alisema. "Ana funguo za kila kitu huyu."

"Linawezekana. Tutauliza hayo majimaji yenyewe."

Aliomba glasi mbili za maji safi kutoka jikoni. Kwa ncha ya kijiti alichota tone kwenye kichupa cha breki, akalidondosha katika glasi ya kwanza. Tone lilishuka, likayeyuka, halikuonekana tena. Kisha akaligeuza gurudumu lililotolewa. Ndani ya rim, chini, palikuwa na ute mweusi uliojikusanya, mafuta yaliyochanganyika na vumbi. Ute huohuo ulikuwa umeipaka diski na kuloanisha pedi zote mbili mpaka ukingoni. Akachota kwa kijiti kingine, akadondosha katika glasi ya pili.

Tone lilielea. Lilijitandaza juu ya maji, jicho la dhahabu lenye uchafu katikati, likabaki hapo.

"Maji ya breki huchanganyika na maji," Hélène alisema. "Kila fundi anajua, ndiyo maana yakikumwagikia unayaosha. Hiki hakikutoka kwenye breki. Kimeletwa. Jumamosi jioni Gaël aliikausha rim hii kwa mkono wake. Jumapili asubuhi gari lilikwenda kanisani likilia, mtaa ukasikia. Lilitoka kanisani kimya. Pedi yenye mafuta hailii, mzee. Inateleza tu. Ya kushoto ikashika peke yake, gari likavutwa kushoto, kwenye nguzo." Akampa Gustave kijiti. "Nusa."

Mzee alinusa. Akanusa tena, na uso wake ukabadilika.

"Mdalasini," alisema. "Hii harufu naijua. Nilipougua kifua nilipakwa hii kichwani."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumgeukia shemasi, na wote wakamgeukia.

"Mafuta ya upako hayawezi kumdhuru mtu," Théodore alisema. Sauti ilikuwa ileile ya hotuba, lakini haikuwa na pumzi ya kutosha. "Yameombewa. Anayesema hivyo anamtukana Mungu, hanitukani mimi."

"Mimi pia nimepakwa," Hélène alisema. "Mlango wangu unayo. Kwenye paji la uso ni baraka. Kwenye diski ya breki ni mafuta ya zeituni. Sikuulizi kuhusu Mungu. Nakuuliza kuhusu chupa ndogo uliyoizoea mfukoni hapo, ambayo mkono wako uliitafuta sasa hivi."

"Papa Shekinah."

Clémence alikuwa amesimama chini ya ngazi, miguu mitupu, mkono wa plasta ameushikilia kwa ule mzima. Hakuna aliyemsikia akishuka.

"Ulilipaka?"

Théodore alimtazama mkewe, na ushemasi wote ukamtoka usoni. Akabaki mume aliyeulizwa.

"Lilituaibisha," alisema. "Tumeingia kanisani linapiga kelele, mchungaji amesimama, watu wanacheka. Wakati wa kubariki magari nikasema, hapa ndipo penye ugonjwa. Nikamimina kupitia kwenye matundu ya rim. Nilimimina sana, nilitaka lipone sana. Nikaliendesha kidogo, nikagusa breki, likanyamaza. Nikatoa ushuhuda mbele ya kanisa zima kwamba gari limepona."

"Na ulipoitwa pale darajani baada ya ajali?" Hélène aliuliza.

"Niliona panang'aa kwenye gurudumu. Nikajiuliza." Akautazama mkono wa mkewe. "Nikaogopa jibu. Astère alikuwa karibu, nikamshika yeye."

"Mimi nimelala juma zima namlaani mtu," Clémence alisema. "Kila nikigeuka mkono ukiuma namlaani. Wewe unanisikia, unanipaka mafuta kwenye plasta, unanyamaza." Hakupaza sauti, na ilikuwa mbaya zaidi hivyo.

Mtu mmoja kutoka viti vya nyuma, jamaa wa kwaya ya shemasi, alisimama kutafuta njia ya kumtoa kwenye aibu. "Sawa, mafuta yalikuwepo. Lakini tutajuaje kazi ya Astère ilikuwa nzuri? Gari lilikuwa linalia kabla ya mafuta. Labda hata yasingekuwepo lisingesimama."

Wachache wakaguna kukubali. Astère alipiga hatua kumwelekea msemaji, Hélène akamzuia kwa mkono.

"Una pedi nyingine?" akamuuliza.

"Ninazo."

"Fanya ulivyofanya juma lile. Usiongeze kitu."

Astère alifanya kazi mbele ya macho yote. Alisugua diski kwa dawa ya kusafishia na kitambaa, akageuza kitambaa, akasugua tena mpaka kikatoka cheupe. Zile pedi zilizolowa alizitupa. Zimeshakunywa mafuta, alisema, hata ukizisugua mwaka mzima zitarudia. Akatia mpya. Kopo la grisi lilikuwa wazi kando yake, na alilisukuma kwa mguu.

"Bila grisi," alisema kwa sauti. "Hivyohivyo alivyoichukua."

Alirudisha gurudumu, akashusha jeki, akakaza nati, akakanyaga kanyagio mara kadhaa mpaka likawa gumu, akalirudisha gari nyuma hadi mwisho wa ua. Hélène alitembea mpaka getini. Akasimama mbele ya godoro na jiko la mafuta ya taa, akakunja mikono kifuani, uso umelielekea gari.

"Mama Hélène, toka hapo," mzee Gustave alisema.

"Sitoki. Mnasema kazi yake haiaminiki. Mimi naiamini. Astère, njoo."

Astère alimwangalia kupitia kioo cha mbele, akatia gia. Kisha gari likaja, si polepole. Watu wakainuka vitini. Katikati ya ua alikanyaga, na gurudumu la kulia likapiga ukelele mwembamba, mkali, uliofika mpaka barabarani. Gari likasimama likiwa limenyooka, hatua fupi tu kutoka kwenye magoti ya Hélène. Alikuwa ameogopa, na sasa tu ndipo alipojiruhusu kulijua hilo.

"Bado linalia," yule mtu wa kwaya alisema.

Astère alizima injini, akafungua mlango.

"Linalia," alijibu, "na limesimama."

Mzee Gustave alitazama gari, akatazama getini, kisha akasema maneno machache tu: kwamba mkutano umekwisha, na kwamba Jumapili ijayo upo ushuhuda mwingine wa kutolewa mbele ya kanisa zima. Théodore aliinamisha kichwa. Akamsogelea Astère na mkono umenyooshwa, midomo ikitafuta pa kuanzia.

Astère hakuupokea mkono. Aliinama, akaokota kopo la grisi na kipande cha msasa, akapiga magoti kando ya gurudumu.

"Mkono baadaye, Papa Shekinah," alisema bila kugeuka. "Kwanza rudisha godoro langu ndani."

Shemasi alivua koti la suti, akamkabidhi mkewe, akaenda getini, akainama na kulibeba.